Utajuaje kwamba jiwe lilichongwa na mkono?

Swali: "Baada ya mvua niliokota korongoni jiwe la kujaa kiganja. Limemeguka mahali patatu na ukingo wake ni mkali. Nimelilinganisha na picha za zana za kale kabisa na sioni tofauti. Lakini kusema kweli, hata hizo za kwenye picha naona ni mawe yaliyovunjika tu. Wataalamu mnajuaje kwamba ni kazi ya mkono na si ya mto? Na kama ni ya mkono, mbona zamadamu walikaa karibu miaka milioni moja wakigonga mawe kwa namna ileile kabla ya kufika kwenye shoka la mkono, lile jiwe lisilo na mpini lililochongwa nyuso zote mbili?"

Jibu:

Shaka yako si ngeni katika fani yetu ya akiolojia. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, wakusanyaji wa Uingereza na Ufaransa walijaza makabati kwa vipande vya gumegume, jiwe gumu linalopasuka kwa makali, vilivyomeguka kingo, wakiamini kwamba ni zana za watu wa kale kuliko wote. Mwaka 1905 Mfaransa Marcellin Boule alikwenda kutazama kazi kwenye kiwanda cha saruji karibu na Mantes. Pale mawe ya chokaa yalikuwa yakikorogwa na maji kwa reki za chuma zinazozunguka, na vipande vya gumegume vilivyokuwamo vikawa vinagongana humo kwa saa nyingi. Vilivyotolewa mwishoni vilifanana na "zana" za makabatini. Hakukuwa na mchongaji pale, ni mashine tu.

Afrika Mashariki nayo ilionja. Nchini Uganda, mwanajiolojia E. J. Wayland alikuta mawe ya mtoni yaliyopasuka kwenye bonde la Mto Kafu, akayahesabu kuwa zana, na "utamaduni wa Kafu" ukakaa vitabuni kwa miaka mingi kama hatua ya kwanza ya uchongaji barani. Kisha mwaka 1958 mwanaakiolojia Desmond Clark akaonyesha kwamba mawe yanayoporomoka kwenye korongo la Batoka, chini ya Maporomoko ya Victoria, hupasuka vilevile bila kuguswa na mtu. Mwaka uliofuata W. W. Bishop alipitia upya mashapo na mawe ya Kafu yenyewe, na tangu hapo hakuna anayeyatetea tena. Kwa hiyo ukiona tunabishana kwa ukali juu ya jiwe moja, ujue tumeshaumwa na nyoka.

Sasa tuje kwenye namna jiwe linavyopasuka, maana jibu lote limelala humo. Mawe yanayofaa kuchongwa, kama gumegume, obsidiani, kwatzaiti na baadhi ya mawe ya volkano, yana chembe ndogo zilizoshikamana vizuri pande zote. Hayana tabaka la kuongoza ufa, hivyo ufa huenda pale nguvu ya pigo inapoupeleka. Bila shaka umewahi kuona kioo cha dirisha kilichopigwa na kijiwe: tundu ni dogo upande wa pigo na pana upande wa pili, kwa sababu ufa ulitanuka kwa umbo la koni. Mchongaji anatumia kanuni hiyohiyo, ila hagongi katikati. Anagonga karibu na ukingo, ili ufa ukishaanza uteremke sambamba na uso wa nje wa jiwe na kubandua kibanzi chembamba chenye makali.

Kwa maneno ni rahisi. Mkononi ni jambo jingine. Uso unaogongwa na uso wa nje wa jiwe lazima vikutane kwa pembe kali, chini ya nyuzi 90. Pembe ikizidi hapo utagonga mpaka bega liume. Nguvu inazama ndani ya jiwe, na utakachopata ni unga na nyufa. Pigo nalo litue ndani kidogo ya ukingo. Likiwa karibu mno, ukingo unasagika. Likiwa mbali mno, jiwe halibanduki. Tena mkono usisite, kwa sababu pigo dhaifu linakatisha ufa njiani na kuacha ngazi juu ya jiwe, na ngazi hiyo itakwamisha kila kibanzi kitakachofuata upande huo. Mchongaji mzoefu hutambua kwa sikio. Pigo lililokamata hutoa mlio mfupi mkavu, na kibanzi kinakuwa kimeshaangukia kwenye vidole vilivyoshika jiwe kwa chini.

Kichukue kibanzi hicho ukitazame. Juu kuna kipande kidogo cha uso uliogongwa. Chini yake, upande wa ndani, kuna nundu laini. Pitisha kidole gumba na utaihisi kabla hujaiona. Kutoka kwenye nundu husambaa mawimbi yaliyopinda kuelekea mwisho wa kibanzi. Upande wa nje una makovu ya vibanzi vilivyotangulia, au ganda kuukuu la jiwe kama hiki ndicho cha kwanza kutoka. Jiwe mama nalo hubaki na kovu lenye kishimo pale ilipokuwa nundu. Jiwe lililopasuliwa na moto, jua au baridi halina alama ya pigo wala nundu, hilo tunalitenga upesi.

Mto ndio unaotutesa, kwa sababu mto nao unagonga. Jiwe likigongwa na jenzake kwenye maji ya kasi linaweza kutoa kibanzi chenye nundu na mawimbi, kamili kabisa. Kwa hiyo kibanzi kimoja hakithibitishi chochote, na mtu akikuonyesha jiwe moja akakuapia kwamba ni la zamadamu, mwache aape. Tunachotafuta ni mwenendo. Mto hauchagui pembe. Unagonga popote, kwa nguvu yoyote, na kesho unarudi kuzisaga kingo ulizozifanya kali jana. Mkono hurudia. Unabandua kibanzi, unalizungusha jiwe kidogo, unatumia kovu lililobaki kama uso mpya wa kugongea, unabandua kingine. Mwaka 1939 Alfred Barnes aligeuza jambo hili kuwa hesabu: pima pembe za makovu kwenye mkusanyiko mzima wa mawe, na kama zaidi ya robo ya pembe hizo zinapita nyuzi 90, usiseme ni kazi ya watu. Kipimo hicho kimesahihishwa na kukosolewa, na mimi nisingekitegemea peke yake, lakini wazo lake limebaki: tunapima kundi zima.

Halafu kuna mahali jiwe lilipolala. Huko Gona, Ethiopia, zana zenye umri wa miaka milioni 2.6 zilifukuliwa kutoka kwenye mashapo laini yaliyotandazwa na maji ya taratibu. Maji yanayotandaza tope laini hayana nguvu ya kubingirisha mawe ya ukubwa wa ngumi, seuze kuyagonganisha mpaka yapasuke. Mtu aliyafikisha pale. Tena hakuokota ovyo: ukilinganisha mawe yaliyochongwa na changarawe za mto wa kale wa jirani, unaona kwamba wachongaji walipendelea yale ya chembe ndogo yanayopasuka vizuri. Bonde la Olduvai, Tanzania, linaonyesha jambo hilo hata kwa macho. Vipande vingi ni vya kwatzaiti kutoka kilima cha Naibor Soit, kilomita kadhaa kutoka mahali vilipokutwa, na hakuna mto unaoeleza jinsi vilivyotapakaa katikati ya mifupa ya wanyama yenye mikato.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa kuunganisha. Unatandika mezani kila kipande kilichofukuliwa eneo moja na kuanza kutafuta kipi kinakaa juu ya kipi. Ni kazi ya miezi, inaumiza macho, lakini ikifanikiwa jiwe la asili linarudi mkononi mwako likiwa na mpangilio wa kila pigo. Lokalalei 2C, magharibi mwa Ziwa Turkana, ina umri wa miaka milioni 2.34, na watafiti wameweza kuunganisha huko makumi ya mawe. Baadhi yalikuwa yametoa vibanzi kwa makumi kutoka bonge moja, vikibanduliwa kwa mfuatano uso uleule, huku pembe ikilindwa isiharibike. Mtu anayeweza kufanya hivyo hajaanza jana. Aliyaelewa mawe vizuri, na uelewa wa namna hiyo unaomba historia nyuma yake.

Historia hiyo ilitafutwa muda mrefu. Mwezi Julai 2011 kikundi cha Sonia Harmand na Jason Lewis kilipotea njia kikiwa kazini magharibi mwa Turkana, kikajikuta mahali kisipokusudia kwenda. Hapo palipokuja kuitwa Lomekwi 3 palitoka mawe yaliyotangazwa mwaka 2015 kuwa na umri wa miaka milioni 3.3. Ni mazito ajabu. Mawe mama yana wastani wa kilo 3 hivi, na jiwe zito kuliko yote linafika 15. Kwa uzito huo huwezi kuning'iniza jiwe mkono mmoja na kuligonga kwa mwingine. Inaonekana waliliinua kwa mikono miwili na kulibamiza juu ya jiwe jingine lililotulia chini kama fuawe, au waliliweka juu ya fuawe na kulipiga kutoka juu. Vibanzi vilitoka, lakini makovu mengi yamekatika njiani, yamejaa zile ngazi nilizokutajia. Wapo wenzetu wanaotilia shaka kama mawe hayo yote yalitoka kwenye tabaka la umri huo. Mimi nadhani mawe yenyewe yamechongwa. Ubishi wa haki ni juu ya umri. Ukikubali umri, basi uchongaji ni wa kale kuliko jenasi yetu, Homo, maana taya la kale kabisa linalohesabiwa kuwa la Homo, lililopatikana Ledi-Geraru, Ethiopia, lina miaka milioni 2.8 hivi. Na si Lomekwi peke yake inayovuruga hesabu. Huko Nyayanga, Kenya, zana zenye umri kati ya miaka milioni 2.6 na 3 zilikutwa na mifupa ya viboko iliyokatwa nyama, pamoja na magego ya Paranthropus, yule zamadamu wa mataya mapana ambaye kwa miaka mingi tulimhesabu kuwa wa kutafuna majani tu. Taarifa zake zilitoka mwaka 2023. Magego kukutwa pale hakumfanyi awe ndiye mchongaji, lakini hatuwezi tena kumtoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Ugumu mwingine ulitoka kwa nyani. Kwenye hifadhi ya Serra da Capivara, Brazili, kuna nyani wadogo, kapuchini, wanaopiga mawe ya kwatzaiti kwenye mwamba. Mwaka 2016 Tomos Proffitt na wenzake walionyesha kwamba katika kazi hiyo hubanduka vibanzi vyenye nundu, na mawe mama yenye makovu yanayopandana, ambayo yangekutwa kwenye tabaka la miaka milioni mbili yangeitwa zana bila mjadala mrefu. Nyani hawa hawavitumii vibanzi hivyo kabisa. Wanaramba vumbi la jiwe na kuendelea kugonga. Hapo kuna fundisho kwa wanaodhani kwamba kibanzi kilianza kama wazo kichwani. Yawezekana kilianza kama taka. Sokwe wa Côte d'Ivoire wamekuwa wakibanja kokwa kwa mawe kwa angalau miaka 4,300, na mawe yao humeguka mara kwa mara. Zamadamu aliyekuwa akibanja kokwa vivyo hivyo angeweza kuzungukwa na makali miaka mingi kabla ya mmoja wao kuinama, kuokota kipande na kukatia kitu. Kitendo cha kuokota ndicho kilichobadilisha mambo, na hicho hakiachi alama. Alama inakuja baadaye, pale mtu anapogonga akiwa anakitaka kibanzi, na tena pale mifupa inapoonyesha mikato.

Umbali kati ya kutaka kibanzi na kujua kukitoa ulionekana kwa Kanzi, bonobo (jamaa wa karibu wa sokwe) aliyelelewa kwenye kituo cha utafiti Marekani. Kuanzia mwaka 1990 Nicholas Toth na Kathy Schick walimwonyesha jinsi ya kugonga mawe, na zawadi ikawekwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa kamba. Bila makali hupati kitu. Kanzi alielewa haraka kibanzi kinafanya nini. Alikuwa akivichagua kwa kugusa ukali kwa midomo na ulimi. Kugonga kulimshinda. Baadaye akagundua njia yake mwenyewe: kulitupa jiwe kwa nguvu kwenye sakafu ngumu na kuchagua vipande. Walipotandika zulia ili wamzuie, alilifunua akatafuta sehemu ngumu. Miaka ikapita, ufundi wake ukaongezeka, lakini vibanzi vyake vilibaki vidogo kuliko vya Gona, na pembe zake hazikuwa na uangalifu ule. Sehemu ya tatizo ni mwili: kidole gumba kifupi na mkono usiopinda vya kutosha kutoa pigo la kuchapa. Sehemu nyingine ni kuiona pembe.

Hapo ndipo ninapoanza kujibu swali lako la pili. Tunachokiita Oldowan, yaani uchongaji ule wa kabla ya shoka la mkono, kwa jina la bonde la Olduvai, mara nyingi huchorwa vitabuni kama bonge la jiwe lenye ukingo mmoja uliochongwa. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliyapanga mabonge hayo kwa aina na majina katika kitabu chake cha 1971, na ilieleweka kwamba bonge ndilo zana. Toth alipochonga mwenyewe nakala zake miaka ya 1980 alifika mahali pengine: mara nyingi bonge ndilo lililobaki, na vibanzi ndivyo vilivyotakiwa. Pia alama za matumizi zilitafutwa kwa darubini kwenye vibanzi vya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, vya miaka milioni 1.5 hivi. Ni vichache vilivyokuwa nazo, lakini hivyo vichache vilikuwa vimekata nyama, mbao na mimea laini. Kibanzi kidogo cha jiwe la volkano kinapasua ngozi ya tembo. Hilo limejaribiwa kwa tembo waliokufa wenyewe. Kikiisha makali unakitupa na kubandua kingine kwa sekunde chache. Usikihurumie chombo hicho kwa sura yake. Kwa kazi iliyokuwepo hakikuwa na upungufu, na chombo kisicho na upungufu hakimsukumi mtu kukibadilisha.

Shoka la mkono si hatua inayofuata yenyewe baada ya hapo. Ya kwanza tunayoyajua, ya Kokiselei magharibi mwa Turkana na Konso huko Ethiopia, yana umri wa miaka milioni 1.76 na 1.75, na Oldowan haikuondoka yalipofika. Mitindo hiyo miwili iliishi pamoja muda mrefu. Fikiria kinachohitajika. Mara nyingi unaanza kwa kubandua kibanzi kikubwa kinachozidi sentimita 10 kutoka kwenye jiwe la kuinuliwa kwa nguvu, na hilo linataka mwili na uthubutu, kwa kuwa kibanzi cha ukubwa huo kikikuangukia mguuni huendi popote. Kisha unachonga nyuso mbili kwa zamu huku ukingo ukizunguka jiwe lote. Kila pigo lina kazi mbili, kutoa kibanzi cha sasa na kuandaa pembe ya kijacho. Ukikosea mara moja kati, unabaki na kichuguu katikati ya jiwe ambacho hakitoki tena kwa pigo lolote, na huna la kufanya ila kulitupa. Mchongaji wa Oldowan anaweza kufuata jiwe linavyomwelekeza. Mchongaji wa shoka analazimisha umbo ambalo jiwe halina.

Kwa hiyo ucheleweshaji haukuwa wa akili peke yake. Kulikuwa na suala la kufundishana. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2015, watu 184 waligawanywa katika minyororo ya wanafunzi wa kuchonga vibanzi vya Oldowan, na vibanzi zaidi ya 6,000 vikapimwa. Waliotazama tu mwenzao akigonga hawakupata faida kubwa kuliko walioachiwa vibanzi wajitafutie wenyewe. Waliorekebishwa kwa ishara walikwenda mbele, na waliofundishwa kwa maneno zaidi. Nikiunganisha hilo na rekodi ya mawe, naona picha hii: ufundi mdogo uliovumilia kwa muda mrefu kwa kuwa hata mafunzo hafifu yaliubeba, na ufundi mkubwa uliongoja makundi ambayo mtu mzima angekaa na mtoto na kuushika mkono wake. Sitashangaa kama shoka liligunduliwa na kupotea mara kadhaa kabla ya kushika mizizi.

Baada ya kushika, lilikaa zaidi ya miaka milioni moja, na hapo ningekuelewa zaidi ungeuliza mbona lilikaa. Hatua kubwa iliyofuata ni ile ya kulitengeneza jiwe mama kwanza, kwa mapigo mengi ya kuandaa, ili kibanzi kimoja kitoke kikiwa na umbo lililokusudiwa. Olorgesailie, Kenya, inaonyesha zana za kizazi hicho kuanzia miaka 320,000 hivi iliyopita, zikiwemo za obsidiani iliyoletwa kutoka makumi ya kilomita.

Kuhusu jiwe lako. Makovu matatu peke yake hayatoshi, lakini yana la kusema. Angalia kama yote yameanzia ukingo uleule na kama kila moja lina kishimo mahali pa pigo. Angalia pia rangi: kama kovu moja ni jeupe na jipya na mengine yamezeeka, yalitokea nyakati tofauti, na hiyo ni kawaida ya mto. Usilisugue kwa brashi wala chumvi, alama za matumizi hufutika. Kwa kuwa ulilikuta korongoni baada ya mvua, maji ndiyo yaliyolileta hapo, kwa hiyo lenye thamani zaidi ni ukuta wa korongo kuliko jiwe lenyewe. Rudi, liweke ulipolikuta, lipige picha na rula kando yake, kisha tazama juu bila kuchimba. Ukiona vipande vya mawe ya aina hiyohiyo vimetokeza kwenye tabaka moja la udongo laini, andika mahali hapo kwa simu yako na upeleke taarifa ofisi ya mambo ya kale. Usipoona kitu ukutani, basi mimi naegemea upande wa mto.